Tenki Moja Mpaka Dar: Shangingi la Zakayo na Shamba Langu la Singe

Kila ninayekutana naye hapa Babati, kuanzia mama muuza ndizi pale stendi mpaka katekista, ananiuliza lile lile: "Baba Paskalina, shangingi liko wapi?" Nimechoka kujibu nikiwa nimesimama, na mguu wenyewe mnaujua. Naandika mara moja, msome, mpokezane, mniache. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayetafuta makosa ya herufi atayapata mengi na yamfae. Majina nitayataja. Wahusika wanajijua, na mmoja wao amezaliwa tumbo moja na mke wangu.

Nangara, kabla ya kuwasha

Zakayo ni mdogo wa mke wangu. Anakaa Dar, Mbezi, anauza magari yaliyokwisha kutumika. Alipanda Babati na shangingi jeusi, injini ya silinda nane, viti vya ngozi, vioo vya giza. Akaliegesha mbele ya nyumba yangu Nangara, majirani wakaja kulitazama kama wanaaga maiti.

Mnajua mimi na mabasi. Tangu lile basi lilipotubinua miaka ile nikatolewa dirishani na mbavu tatu zimevunjika na mguu huu, sijapanda basi tena. Kampuni haikuniletea hata soda. Wenzangu waliokuwa viti vya mbele hawakutoka kabisa. Nikiitwa msiba wa mbali natuma salamu. Binti yangu Paskalina amejifungua mara mbili huko Dodoma, wajukuu nimewaona kwenye simu tu. Zakayo anayajua haya yote. Aliketi kwenye lile kochi langu bovu akaniambia:

"Shemeji, gari kubwa kama hili likigongana na basi, basi ndilo linaomba msamaha. Chukua. Mimi nipe zile heka mbili za Singe, tumalizane kifamilia."

Heka mbili za Singe ndizo alizoniachia mama yangu. Hatuna nyingine. Mahindi tunayokula na mbaazi tunazouza zinatoka pale.

Nikasema, "Gari la silinda nane litaninyonya damu. Mafuta nitatoa wapi?"

"Nani kakudanganya? Hili ni la kisasa. Lita moja, kilomita kumi. Hata zaidi." Akanipeleka ndani ya gari, akawasha, akanionyesha kioo cha kwenye dashibodi. Kilikuwa kimeandika kumi na nne, pembeni kuna viherufi vya Kizungu ambavyo mimi sina habari navyo. "Unaona? Nimekuambia kumi nisikutishe. Hii ni kutoka Dar mpaka hapa, niko peke yangu. Kumi na nne!"

Kumi na nne, nikalewa. Jumamosi kwenye jumuiya, baada ya rozari, nikatangaza mbele ya watu wote. Mzee Tluway, mwenyekiti wetu, akaandika karatasi: tukitoka Babati tenki limejaa, tukafika Mbezi kwa Zakayo bila kuongeza hata tone, shamba ni lake na gari ni langu. Likikatikia njiani, kila mtu abaki na chake. Tukaweka sahihi. Mke wangu alikuwa pale pale, anamenya viazi. Hakusema neno. Wanaume wenzangu, mke akinyamaza namna ile msifurahi. Mimi nilifurahi.

Kumbe Jumapili alisimama mlangoni mwa kanisa akawaambia kina mama wote kwamba kuna gari linakwenda Dodoma, Morogoro na Dar, mwenye mzigo alete. "Sasa ninyi mtoke Babati muende kwa watu mikono mitupu?" akaniuliza. Jioni uwanja wangu ulijaa. Mchele wa Magugu. Vitunguu swaumu kutoka Mbulu. Alizeti, maharage, perege wakavu wa ziwani, jogoo wawili, na kiti cha kukunja cha mama mmoja wa Maisaka, sijui Dodoma hakuna viti. Kila mzigo una kikaratasi cha jina na namba ya simu. Zakayo alikuwa anahema.

"Dada, hili ni gari, si fuso."

"Basi mwambie wewe Mama Tluway kwamba mchele wa mwanawe hauendi," mke wangu akamjibu. "Yule pale. Nenda kamwambie."

Hakwenda. Nani angekwenda? Tukapakia. Ya mwisho yalikuwa magunia matatu yameshonwa mdomo vizuri, yameandikwa Mama Gidabu, Mbezi. Tulihitajika wanaume wanne kuliinua moja tu mpaka kwenye keria.

"Dada, kuna nini humu?"

"Mbaazi."

"Mbaazi gani nzito hivi?"

"Za mwaka huu. Mvua zilikuwa nzuri."

Babati mpaka Kondoa

Alfajiri tukajaza pale sheli, Mzee Tluway amesimama na tochi kama anapima maziwa. Zakayo hakuridhika bomba lilipokata. Akatuambia tulitikise gari, hewa itoke, mafuta yashuke. Wazee wawili, mmoja ana mguu mbovu, tunasukuma shangingi kulia na kushoto, magunia juu yanalia. Zikaingia nyingine. Jumla lita tisini na tatu. Mzee Tluway akafunga mfuniko mwenyewe, akaubandika karatasi ya gundi, akaandika jina lake juu. Akanishika mkono: "Baba Paskalina, una hakika?"

"Kumi na nne, mzee," nikamwambia.

Tulipoipita Bonga, mimi na Zakayo wawili tu, jua lilikuwa halijatoka. Kiti kile, ndugu zangu, kinakukumbatia. Mbavu hazikusema kitu. Nilijiona kama askofu anayezunguka jimboni, ila harufu ya perege na vitunguu swaumu kutoka nyuma ilikuwa inaniambia mimi ni nani.

Furaha ikaishia kwenye miteremko ya kuelekea Kolo. Zakayo akasogeza gia, mngurumo ukapungua, gari likaanza kujiendea. Ameweka free. Na mzigo ule.

"Unafanya nini?"

"Nabana matumizi, shemeji. Mteremko ni mafuta ya bure."

Gari likashika kasi. Kona ya kwanza magunia yalisogea juu, nikayasikia. Kona ya pili breki zikaanza kunuka. Mimi ile harufu naijua, ndiyo niliyoinusa mara ya mwisho kabla ya kuamka hospitali nikiwa sina viatu. Nikapiga kelele. Sijui nilisema nini, ila Zakayo anadai nilimtukana mama yake, ambaye ni mama mkwe wangu, na kwa hilo naomba radhi kwa ukoo mzima. Akarudisha gia.

Kondoa tulikunywa chai ya maziwa na chapati. Mikono yangu ilimwaga nusu ya kikombe. Zakayo akawa anamsimulia mama wa mgahawa kwamba shemeji yake ni mwoga wa magari. Yule mama akatutazama wote wawili, akanitazama mguu, akaniongezea chai bila kuniuliza. Huyo jina lake sikulichukua. Ndiye mtu pekee asiye na hatia katika habari hii.

Dodoma, mji wa kutafuta watu

Mizigo ya Dodoma ilikuwa saba. Kila mwenye mzigo anakaa upande wake. Mmoja Nkuhungu, mmoja Kisasa, mwingine anasema "njoo mpaka kwenye kona ya fundi cherehani halafu unipigie." Tunafika kona, fundi yuko, mwenye mzigo hapokei simu. Injini inaunguruma, AC inavuma, Zakayo anapiga honi. Mbele mita mia, breki. Geuza. Rudi. Taa nyekundu. Msafara wa wakubwa unapita, tumezuiwa, tumekaa tunaunguruma.

Niliangalia mshale wa mafuta, ukawa umeshuka vibaya. Nikaangalia kile kioo: kumi na saba!

"Zakayo, mbona mafuta yanashuka na namba inapanda?"

"Injini imepata moto sasa, imezoea. Ona, kilomita kumi na saba kwa lita! Ulishawahi kuona?"

Sikuwahi. Nikashangilia naye. Mtu mzima, nywele nyeupe, nashangilia.

Kwa Paskalina tulikaa kama saa moja. Wajukuu wakanipanda mgongoni. Mkubwa akaniuliza, "Babu, hili gari ni lako?" Nikamwambia, "Kesho litakuwa langu, nitakuja kila mwezi." Paskalina akauliza nimelipataje. Nilipomwambia Singe, aliweka sahani ya wali chini akaenda jikoni, akakaa huko mpaka tunaondoka. Alinipa zabibu kwenye mfuko akaniambia, "Safari njema, baba." Ni mtoto wa mama yake kabisa.

Gairo, dereva wa tenki

Tukaipita Kibaigwa. Gairo tukasimama kula nyama choma na ndizi. Zakayo akaenda kwenye jiko kubishana na mchomaji kuhusu mfupa, mimi nikakaa benchi moja na dereva wa lori la mafuta, mtu wa rika langu, anaitwa Seif. Akaliangalia lile shangingi na keria yake.

"Zee, hilo la kwako?"

"Linakaribia. Lita moja kilomita kumi na saba."

Alicheka mpaka akashika meza. "Silinda nane? Na huo mlima juu? Kumi na saba umeipata wapi?"

Nikampeleka mlangoni akachungulia kioo. Akanitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniuma.

"Kaka, hiyo si kilomita kwa lita. Ni lita kwa kila kilomita mia. Maana yake ukienda kilomita mia, limekunywa lita kumi na saba. Hiyo namba ikipanda usishangilie."

"Ilikuwa kumi na nne Babati. Alipanda nalo akiwa peke yake."

"Babati mpaka Dar ni kama mia saba." Akachukua kipande cha boksi, akatoa kalamu sikioni. "Saba mara kumi na nne ni tisini na nane. Tenki lako?"

"Tisini na tatu."

"Basi hata likiwa tupu, anaendesha mwenyewe, halifiki. Labda aliache lijiteremkie lenyewe kila mahali kama mwendawazimu."

Kumbe kile alichofanya Kolo hakikuwa utani. Alikuwa anaijua hesabu.

Seif akanipa lile boksi. "Mjini hilo ni lita ishirini na zaidi kwa mia. Foleni tu ya Dar inalimaliza. Mimi mafuta nayabeba kila siku, nayajua yanapokwenda."

Zakayo akarudi na nyama. Sikusema kitu. Mngesema nini ninyi? Karatasi ina sahihi yangu, jumuiya nzima imeshuhudia. Nikisema navunja ahadi, nitaonekana mimi ndiye tapeli. Likifika Mbezi, shamba limekwenda na gari sitaliwasha hata mara moja kwenda Singe ambako sina tena cha kwenda kufanya. Kuanzia Gairo mpaka mwisho, ile sala ya asubuhi ya gari lifike niliigeuza.

Na nikaisaidia kidogo.

"Shemeji, washa AC, mbavu zinauma."

"Tunabana, shemeji, fungua dirisha."

"Vumbi ni hatari kwa mapafu yangu. Unataka nife kwenye gari ulilosema ni salama?"

Akawasha.

Morogoro, tunalala

Mizigo ya Morogoro ilikuwa mitatu na nilihakikisha haiachwi hata mmoja. Kihonda kuna mama wa jogoo. Zakayo akasema tumpe kesho. Nikasema jogoo ameshakohoa. Tukazunguka Kihonda, tukatoka, tukaingia Msamvu, foleni ya magari ya jioni, mguu kwenye breki, mguu kwenye mafuta. Kioo kikasoma namba ambayo Zakayo hakuisema kwa sauti. Nikamuuliza kwa upole, "Sasa ni kilomita ngapi?" Akazima kioo. Akasema mwanga wake unamuumiza macho.

Tukalala gesti. Usingizi sikuupata vizuri kwa sababu ya mshale. Ulikuwa umebaki na upana wa kidole. Kwa mwenye kujua barabara, Morogoro mpaka Mbezi si mbali kihivyo. Kama angeendesha polepole, kama angezima kila kitu, kama angeliweka free kila mteremko, huenda. Hiyo huenda ndiyo iliyokuwa imelala kifuani kwangu, juu ya mbavu.

Chalinze na mbele kidogo

Asubuhi Zakayo aliendesha kama amebeba mayai. Sabini. Sitini. Malori yakatupita, basi likatupita, mtu wa pikipiki mwenye mkungu wa ndizi akatupita akatupungia. AC amekataa, dirisha amekataa, eti upepo unavuta gari nyuma. Tulikaa mle na perege. Akapendekeza tuyatupe magunia ya mbaazi porini.

"Ya Mama Gidabu?" nikamwuliza. "Utamwambia nini dada yako?"

Hakuyatupa. Hilo namsifu, au tuseme anamwogopa dada yake kuliko anavyolipenda shamba.

Chalinze tukaipita, taa ya mafuta inawaka nyekundu. Zakayo alikuwa analibembeleza gari kwa jina la mama yake. Mbele trafiki wametusimamisha, tochi yao ya kupima mwendo haikutukuta na kosa, wanataka tu kujua kama keria ile ni ya halali. Dakika ishirini. Zakayo alitaka kuzima, afande akasema usizime, sogea kule kwanza, halafu rudi huku. Afande huyo simjui, ila nimemwombea kwenye misa.

Hatukufika Mlandizi. Gari lilikohoa mara moja, likakohoa tena, usukani ukawa mgumu, tukaserereka pembeni karibu na mama anayeuza mananasi. Kimya. Nikasikia jogoo wa Dar akiwika nyuma.

Nikashuka. Nilikagua mfuniko, karatasi ya Mzee Tluway iko pale pale. Zakayo alikuwa bado ameshika usukani.

"Ni mzigo wako, shemeji. Bila mzigo tungefika. Tunarudia."

Nikatoa kipande cha boksi. "Saba mara kumi na nne?"

"Nini?"

"Ulipanda peke yako na kumi na nne. Saba mara kumi na nne ni ngapi, Zakayo?"

Hakuniuliza kumi na nne ya nini. Mtu asiyejua angeuliza. Alitazama mananasi. Hapo ndipo nilipojua alijua tangu Nangara, kwenye kochi langu, anakula ugali wangu. Namtaja: Zakayo, mdogo wa mke wangu, muuza magari wa Mbezi.

Akaita bodaboda alete dumu.

Mbezi

Foleni ya kuingia mjini sitaisimulia. Gari lilikwenda mwendo wa nyayo. Aliwasha kioo kwa bahati mbaya kikaandika ishirini na mbili, nikamwambia, "Hongera, injini imezoea." Akakizima tena.

Wenye mizigo wakaja mmoja mmoja, wakashukuru, wakauliza Babati mvua imenyesha. Mama Gidabu hakuja. Namba yake haipatikani. Tukayashusha magunia matatu uani, na Zakayo akaingia kuoga. Nikaona nifungue nione kama mbaazi zimepata joto.

Nilikata uzi. Nikaingiza mkono.

Udongo. Mweusi, mzito, una unyevu bado, una mizizi ya mahindi. Katikati yake kipande cha sahani ya maua ya bluu. Kila tukilima Singe vipande vile huibuka, mama yangu aliivunja pale kabla sijazaliwa na hatujawahi kuvimaliza. Nilikaa chini uani kwa Zakayo. Nikamwona mke wangu ana jembe, anajaza magunia matatu, anashona, anaandika jina la mtu ambaye hayupo, mimi niko ndani nafuta vumbi viti vya ngozi.

Zakayo akatoka na taulo. "Vipi mbaazi?"

"Zimeharibika," nikasema, nikalifunga.

Kurudi

Zakayo hakujitolea kunirudisha, na kwa mafuta yale simlaumu. Nikaenda stendi na gunia moja, vijana wakanipakilia. Niliacha mabasi mawili yaondoke. La tatu nikaweka mguu mzima, nikaweka mbovu, nikakaa kiti cha katikati, nikashika chuma cha mbele mpaka Dodoma. Konda aliniuliza gunia nililoweka kwenye buti lina nini, mbona zito hivi.

"Shamba," nikamwambia.

"Mzee ana utani," akawaambia abiria.

Sikufa. Nimeandika hapa mjue. Kwa wajukuu nitakwenda tena mwezi ujao, kwa basi.

Nangara nilimkuta mke wangu anapepeta maharage. Mimi na kijana wa bodaboda tukaburuta gunia mpaka miguuni pake. Alilitazama, akanitazama, akaendelea kupepeta.

"Nilipakia matatu."

"Mawili nimemwachia ndugu yako. Si alitaka shamba la Singe?"

Ungo ukasimama. Alicheka kwa pua kwanza, halafu kwa tumbo, maharage yakamwagika. Akajifuta macho kwa kanga.

"Mpigie simu, amwage huo udongo, ayarudishe," akasema. "Magunia yenyewe niliazima kwa Mama Tluway."